Ardhi ya Kuazima: Dharura ya Vita na Haki ya Mwenyewe

Mtu akikimbizwa na adui usiku, akaingia katika ua wa mwenziwe bila ya kupiga hodi, hapana mwenye akili atakayemlaumu. Lakini kukipambazuka, na adui amekwisha kwenda zake, na yule mtu angali yumo uani, amejenga banda na kutia komeo, hapo huzuka suala: ruhusa iliyopatikana kwa sababu ya khofu, je, yaendelea baada ya khofu kuondoka? Suala hili si la majirani wawili tu. Ndilo lililozikabili dola na mataifa tangu Vita Vikuu vya Pili, katika jambo la viwanja vya ndege walivyovijenga Wamarekani katika nchi za watu.

Zama hizo ndege haikuweza kwenda masafa marefu bila ya kutua. Iliyotoka Marekani kwenda Misri au Bara Hindi ilipita Natal katika Brazil, ikatua kisiwa cha Ascension kilicho katikati ya bahari, kisha Accra, Maiduguri na Khartoum. Na nyengine zikashika njia ya Aden, Salala na Masira hata Karachi. Kila kituo kilitaka njia ya kurukia, mafuta, mafundi na walinzi. Kule Ascension kiwanja kilipokuwa tayari, mwaka 1942, kilionekana kimeelekea makazi ya ndege wa baharini, maelfu kwa maelfu, wakawa wakiruka mbele ya mashine. Akaitwa mjuzi wa ndege, James Chapin, akashauri mayai yao yavunjwe ili wahame. Hata kiumbe kisicho na ulimi kilidaiwa mahali pake.

Na kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 1940, Uingereza ilikuwa imepokea manowari kuukuu 50 kutoka Marekani, na Marekani ikapata haki ya miaka 99 ya kuweka vituo Trinidad, Jamaica, Antigua na kwengineko. Wenyeji wa visiwa hivyo hawakuwako penye meza ya mapatano.

Wanachuoni wa Kishafii wameieleza ariya, yaani kuazimana, kwa uwazi mkubwa. Mwenye kuazimisha sharti awe anamiliki manufaa ya kile kitu; na aliyeazimwa hana haki ya kumwazima mwengine ila kwa idhini ya mwenyewe. Mwenye ardhi aweza kurejea katika ariya yake. Ikiwa aliyeazimwa amejenga kwa ruhusa, jengo lake halibomolewi bure, wala yeye hapati kukaa kwa nguvu: huwekwa kwa ijara, au jengo huondolewa na hasara yake ikalipwa. Lakini ardhi iliyoazimwa kwa kuzikia maiti hairejewi mpaka athari ya maiti imekwisha. Ama dharura, kanuni yake yajulikana: hupimwa kwa kadiri yake, haizidishwi.

Kwa mizani hiyo na itazamwe Iceland, taifa dogo la kaskazini, ambalo watu wake siku zile walikuwa kiasi cha 120,000. Waingereza waliingia humo Mei 1940 bila ya idhini. Mwaka uliofuata wakaja Wamarekani kwa mapatano, na sharti ilikuwa wazi: vita vikisha, majeshi yaondoke. Wakajenga kiwanja kikubwa cha Keflavik. Mwaka 1945 wakaomba wakae muda mrefu, na serikali ya Iceland ikakataa. Ikapatikana suluhu mwaka 1946, askari wakaondoka, na ndege zao zikaachiwa kukitumia kiwanja chini ya wasimamizi wasio askari. Kisha khofu nyengine, ya Urusi, ikawarejesha mwaka 1951, na hawakuondoka ila mwaka 2006. Yawezekana kumlaumu mwenye nyumba kwa kuufungua mlango mara ya pili. Haiwezekani kusema kwamba aliuvunjiwa.

Watu husema: lau si viwanja hivyo, Hitler asingalishindwa. Neno hilo lina ukweli, na si insafu kulikataa. Lakini huyo asemaye amethibitisha ruhusa ya kuingia tu. Ruhusa ya kubaki yataka hoja yake mbali. Akijibu kwamba yuko adui mwengine nyuma ya yule aliyekufa, basi dharura hiyo haina mwisho, kwani maadui hawakomi kuzaliwa, na kila khofu itakuwa ni hati ya kumiliki.

Mfalme Abdulaziz wa Saudia alikuwa macho katika hilo. Mapatano ya kiwanja cha Dhahran yalifungwa mwaka 1945, na kazi ikamalizika mwaka 1946, hali ya kuwa vita vyenyewe vimekwisha! Lakini aliweka muda, na akashurutisha kwamba majengo yarejee kuwa mali ya nchi yake. Muda uliongezwa mara kadha wa kadha, na mwaka 1962 wageni wakatoka.

Libya haikuwa na mfalme wa kuketi mezani. Kiwanja cha Mellaha, karibu na mji wa Tripoli, ambao Waarabu huuita Tarabulus, kilijengwa na Wataliana mwaka 1923, nao waliitwaa nchi kwa upanga. Mwaka 1943 Wataliana wakashindwa, Waingereza wakashika utawala, na Wamarekani wakaingia kiwanjani. Basi nani aliyeazimisha? Mtaliana hakuwa mwenyewe, na Mwingereza alikuwa amekaa mahali pa Mtaliana. Mwaka 1945 jina likageuzwa, kikaitwa Wheelus, kwa ukumbusho wa askari wao mmoja aliyekufa kwa ajali ya ndege Irani. Libya ilipopata uhuru wake, tarehe 24 Desemba 1951, iliupokea na kiwanja kimo ndani, pamoja na ufukara mkubwa. Mwaka 1954 ukafungwa mkataba, Wamarekani wakaahidi fedha, na muda ukawekwa hata mwisho wa 1970.

Je, hiyo ilikuwa ridhaa? Mkono uliotia sahihi ulikuwa wa mwenyewe, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwenye njaa anapokodisha kisima chake kwa mtu ambaye tayari amekwisha kukaa juu yake na silaha, bei haipangwi na wawili. Na manufaa yalikuwako: vijana wengi walipata ujira. Pia ulikuwa mji ndani ya mji, wenye askari na jamaa zao zaidi ya 15,000 siku za wingi wao, na shule ya watoto wao. Mafuta yalipogunduliwa mwaka 1959 ufukara ukaondoka, na ile hoja ya fedha ikaondoka nao. Tarehe 11 Juni 1970, baada ya mapinduzi ya Gaddafi, kiwanja kikakabidhiwa. Leo huitwa Mitiga, na abiria wa Tripoli hupanda ndege hapo.

Iko ariya iliyo mbaya kuliko zote, na iko katika bahari hii ya Hindi. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius, na mwaka 1966 ikaipa Marekani kisiwa cha Diego Garcia. Malipo yake hayakuwa ijara, yalikuwa punguzo la dola milioni 14 katika bei ya makombora. Wakaazi wake, wengi wao kizazi cha watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagascar kwenda kulima minazi, waliondolewa wote baina ya 1968 na 1973, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Kutoka huko ndege zikaenda kuipiga Iraki mwaka 1991, Afghanistani mwaka 2001, na Iraki tena mwaka 2003. Mahakama ya dunia ilitoa rai yake mwaka 2019 kwamba kule kutenga hakukuwa halali. Yaani aliyeazimisha aliazimisha cha mwenziwe. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia sahihi mkataba wa kuirejeshea Mauritius milki ya visiwa, na kiwanja kibaki miaka 99. Idadi ile ile ya mwaka 1940.

Makaburi ya wenyeji yamebaki kule. Mwaka 2006 kiasi cha watu 100 miongoni mwao walipakiwa chomboni, wakapelekwa kuwazuru wazee wao, wakafyeka majani juu ya makaburi, kisha wakarejeshwa walikotoka.