Risasi Ngapi Zinatosha?

Rafiki yangu mmoja wa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa, anataka kununua bunduki ya kulinda nyumba. Msimu ukifika hulala na fedha ndani, na kijiji cha pili waliwahi kuvamiwa. Aliniuliza mambo mawili: shotigani au bastola, na risasi ngapi aweke. Sijawahi kumiliki hata manati, lakini swali limenikaa, na nilipokuwa nalifikiria nikarudi kwenye Habari za Wakilindi.

Kitabu hicho tunakisoma kama historia ya wafalme. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy alikiandika, na misheni ya Magila, kilomita chache tu kutoka Muheza mjini, ikaanza kukichapa sehemu kwa sehemu mwaka 1895. Kisome tena ukiwa na swali la rafiki yangu kichwani. Mbega anaingia milimani na mikuki na mbwa, anaua nguruwe wanaomaliza mashamba, anagawa nyama, na watu wanampa utawala. Ulinzi unaanza hivyo: mtu mwenye silaha anamtumikia asiye nayo.

Kisha Kimweri ye Nyumbai anafariki mwaka 1862, na mambo yanageuka. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini tambarare, palipopita misafara ya kutoka Pangani. Milimani kulikuwa na heshima na matambiko, huku chini kukawa na bunduki. Bunduki zile zililipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Waliotekwa vitani waliteremshwa pwani wakauzwa, fedha ikarudi kama baruti, na baruti ikateka wengine. Wabondei nao, mababu wa hawa tunaokutana nao sokoni Muheza, waliinuka kuwaondoa watawala wa Kikilindi.

Kinachonishangaza ni nani aliyezipata. Bunduki zilikwenda kwa aliyekaa karibu na njia ya biashara. Mkulima wa kule juu, aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa kutekwa yeye na wanawe, hakupata kitu. Kama ungepima hofu ya watu wa wakati ule na kugawa silaha kwa kipimo hicho, ramani ingekuwa kinyume kabisa.

Turudi kwa rafiki yangu. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kwenda dukani kama anayenunua misumari. Ombi lake linaanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, ambako viongozi wanaulizwa mtu huyu ni nani na tabia zake zikoje, halafu linapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Risasi nazo zina kibali chake. Ni utaratibu mzuri, mie nauunga mkono. Atapita, maana ana jina zuri, ana risiti, ana watu.

Kuhusu aina ya silaha nilimjibu kwa kumwonyesha nyumba yake mwenyewe. Vyumba sita, ukumbi katikati, wapangaji watatu, ukuta wa nyuma wa udongo na fito. Risasi ya bastola ikikosa mwizi haisimami kwenye ukuta wa namna hiyo. Inakwenda kumtafuta mtoto wa mpangaji. Marisau ya shotigani hupoteza nguvu mapema zaidi, lakini kwa umbali wa ukumbi yanaua vilevile, na hayachagui. Na giza ni giza. Kijana anayerudi kwa kunyata saa nane usiku asimwamshe baba hana tofauti na mwizi.

Akaniambia, sasa nisubiri waniue? Hebu tusimdharau. Dini zote mbili za hapa kwetu zinamjua mtu huyu. Waislamu wana hadithi ya Mtume kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Wakristo wanakumbuka Yesu akiwaambia wanafunzi asiye na upanga auze joho anunue. John Locke, mwaka 1689, alisema unaweza kumuua hata mwizi anayetaka fedha tu, kwa sababu aliyekuweka chini ya nguvu zake hujui ataishia wapi. Kanuni ya Adhabu yetu, vifungu vya 18A hadi 18C, inakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali yako, ila kwa nguvu inayostahili, ukizidisha unajibu.

Hoja ya Locke inasimama juu ya jambo moja: hakuna muda wa kumwita mtu. Kwetu muda huo upo. Yowe likipigwa, mtaa mzima uko nje na mapanga kabla hujamaliza kusaka ufunguo wa kabati la bunduki. Nilitaka kuishia hapo, nimwambie jirani yako ndiye silaha yako. Siwezi. Yowe hilohilo ndilo linalozaa wale magazeti wanaowaita wananchi wenye hasira kali, na aliyeiba kuku, au aliyedhaniwa tu, anachomwa kwa tairi. Bunduki ya rafiki yangu angalau ina namba, na ikilia kuna mtu mmoja wa kuulizwa. Yowe halina mwenyewe.

Kuna nyumba nyingine pia. Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kwa panga, usiku, ndani ya nyumba zao. Hatari yao inatoka kwa majirani na mara nyingine kwa ndugu wa damu. Kwa bibi kama huyo yowe halina maana, kwani wa kuitika ndio hao hao. Ukiniuliza ni nani katika nchi hii mwenye hoja safi kabisa ya kuweka bunduki chumbani, nitamtaja yeye kabla ya rafiki yangu, kabla ya Locke. Na ndiye asiyeweza kuipata kamwe. Hana fedha, macho hayaoni vizuri, na barua ya kwanza ya ombi lake ingetakiwa kutoka kwa kijiji kilekile kinachomnong'ona.

Rafiki yangu ananisikiliza mpaka hapa, halafu anasema bibi huyo si yeye aliyemtuhumu. Kweli. Lakini amekuja kuniuliza risasi ngapi zinatosha, akidhani ni hesabu ya wezi wangapi watakuja. Mlango wake ni wa chuma, ana mlinzi, ana namba ya simu ya mkuu wa kituo. Mlango wa bibi una komeo la mti, na mjukuu anayelala naye ana miaka tisa.