Utu, Obuntu, Ubuntu: Je, Mtu Anaweza Kuacha Kuwa Mtu?

Karibu na hosteli tunayoishi hapa Kampala, kijana mmoja alikamatwa na simu ya wizi. Watu wakamzunguka na kuanza kumpiga. Mama muuza ndizi alipowasihi wamwache, alijibiwa kwa Kiganda: "Oyo si muntu." Anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: huyo si mtu. Polisi walimwokoa kijana, lakini jibu lile limebaki nami. Je, mtu anaweza kuacha kuwa mtu?

Kiswahili chenyewe kinatuyumbisha. Utu hutokana na mtu, kama utoto unavyotokana na mtoto. Kwa maana hiyo kila mtu anao, awe mwema au mwovu. Hata hivyo, twasema fulani hana utu, tukimaanisha kwamba ni mkatili. Hapo utu umegeuka kuwa sifa inayochumwa kwa matendo, na kinachochumwa kwa matendo hupotea kwa matendo. Kutoka "hana utu" hadi "si mtu" ni hatua moja tu.

Waganda husifu obuntu bulamu. Obuntu peke yake huweza hata kumaanisha vitu vidogo vidogo. Bulamu, yaani uzima, ndilo linaloleta adabu, heshima na huruma. Nionavyo mimi, mwizi amepungukiwa na bulamu, si na obuntu. Waliompiga yule kijana waliisahau tofauti iliyomo katika lugha yao wenyewe.

Mwenzetu kutoka Kigali alitushangaza zaidi. Kwa Kinyarwanda, ubuntu ni ukarimu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Ubinadamu wenyewe huitwa ubumuntu. Nchi yake inajua jinsi neno linavyoweza kuua. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Walivuliwa jina la mtu ili iwe rahisi kuwaua.

Kwa Kizulu, ubuntu hurudi kuwa utu. Mwaka 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipoamua kwamba adhabu ya kifo inakiuka katiba, majaji kadhaa walitumia neno hilo katika hoja zao. Kesi iliwahusu watu waliopatikana na hatia ya mauaji. Hawakuwa wamefanya jambo lolote la kustahili huruma, na bado walihesabiwa kuwa watu.

Yuko atakayeuliza: ikiwa utu haupotei, tutamlaumuje mwovu? Naona kinyume chake ndicho kweli. Simba akila mbuzi hatumshtaki. Tunamshtaki mwizi kwa sababu ni mtu, aliyepaswa kujua na kutenda vyema. Tukisema si mtu, tumeiondoa hata haki yetu ya kumlaumu.

Kwa hiyo naazima maana kutoka kwa majirani. Kama Wanyarwanda wasemavyo kuhusu zawadi, utu na uwe ku buntu: haununuliwi kwa wema, wala haunyang'anywi kwa kosa. Na kama Waganda, tutafute uzima wake kila siku. Yule kijana alistahili kufikishwa mahakamani. Alistahili kufikishwa huko akiwa mtu.