Ubongo Si Samaki

Mzee wangu, mama yangu, ile methali ya samaki mkunje angali mbichi umeambiwa mara ngapi? Umestaafu, mvi zimejaa, na kila ukikwama kwenye simu mjukuu anaichukua: "Leta nikufanyie, shosho." Nawe unampa. Leo nakuomba usimpe! Methali hiyo ina ukweli wake jikoni, lakini kichwani mwako haina kazi.

Panda matatu nami hadi Subukia. Huko ndiko alikozikwa Kimani Ng'ang'a Maruge mwaka 2009. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wenzake. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia, naye akaona bure hiyo ni yake pia. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kuhesabu pesa zake bila msaada wa mtu. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York, akaitetea elimu ya bure katika Umoja wa Mataifa. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipomfurusha, alihamia Nairobi, akarudi tena darasani.

Usiseme Maruge alikuwa mtu wa pekee. Ubongo wako umeumbwa vivyo hivyo. Seli zake huwasiliana kwa njia ndogondogo, na kila unapojifunza, njia hizo hufunguka kama kijia kinavyofunguka ng'ombe wakipita kila siku kwenda mtoni. Uzeeni kazi hiyo huenda polepole, ila haikomi. Nchini Marekani, utafiti uitwao ACTIVE ulichukua watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi. Waliofunzwa walipewa vipindi kumi hivi tu. Miaka kumi baadaye, waliofanya mazoezi ya kufikiri na ya wepesi wa kutambua vitu walikuwa bado mbele katika ujuzi huohuo. Ujuzi huohuo, nasisitiza: unavuna ulichopanda, kwa hiyo panda kile unachokihitaji.

Na usipande kirahisi. Pale Hyrax Hill, nje kidogo ya jiji la Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Nenda ukayaguse. Aliyecheza pale alichota kete, akazidondosha moja moja, lakini kabla mkono haujainuka alikuwa ameshahesabu ya mwisho itaangukia wapi na mwenzake atajibu vipi. Hesabu hiyo ya kimyakimya ndiyo zoezi lenyewe. Ukiona sasa unamshinda jirani bila kufikiri, tafuta mpinzani anayekutoa jasho, au jifunze kitu kigeni kabisa: noti za muziki kwaya inapokutana, kufuma, lugha ya jirani yako. Kama umeishi miaka 40 na Wakalenjin na hujui zaidi ya salamu "chamge", hapo pana shamba la kulima.

Mwili nao uutumie. Utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kwa wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2. Barabara za mitaa ya Milimani na Section 58, Nakuru, hazitozi ada. Pima presha, na masikio yakififia yatibiwe, kwa maana ubongo usiosikia mazungumzo hukosa chakula.

Anza usiku huu. Mjukuu atakaponyoosha mkono aichukue simu, mwambie: "Keti hapa, unifundishe." Tuma shilingi 50 kwa simu wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, namba ya siri ikitoka kichwani mwako. Ukikosea, rudia. Kesho rudia tena. Maruge alianza na a, e, i, o, u.