Je, Pambo Zuri Laweza Kuwa na Ubaya?

Wako wasemao: "Dhahabu ni dhahabu, yang'aa vilevile, itoke wapi itoke wapi." Tuyapime maneno hayo.

Pambo lenyewe si dhambi. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli waliyeyusha vipuli vyao wakafanya ndama wa kuabudu. Baadaye wakaleta pete zao kwa ajili ya hema ya Bwana. Basi ubaya haumo katika dhahabu, bali katika moyo wa mtu na katika njia aliyoipata.

Njia hiyo tuitazame. Katika jimbo letu la Tshopo, pande za Bafwasende na Banalia, watu huchimba dhahabu kwa mikono. Wachimbaji wengi wa namna hii duniani hutumia zebaki: hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa motoni, ikawa moshi. Moshi huo huharibu mishipa ya fahamu na mafigo. Sehemu nyingine huanguka mtoni, huingia katika samaki, na kwa samaki humfikia mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ndiyo sababu mataifa yalifanya mapatano ya Minamata mwaka 2013.

Mji wetu wa Kisangani wajua jambo hili tangu zamani. Tippu Tip alipofanywa liwali hapa mwaka 1887, pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, mpaka pwani. Huko Ulaya zikawa bangili. Aliyezivaa hakuuona mzigo ule. Wala kutoona kwake hakukumpunguzia mbebaji uzito.

Mfalme Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakamletea. Daudi hakuyanywa; aliyamimina mbele ya Bwana, maana aliona ndani yake damu ya watu wale. Maji yalikuwa safi. Bei yake ndiyo iliyomzuia.

Mtu atatujibu: "Mchimbaji ni maskini, tusiponunua, watoto wake watalala njaa." Neno hili ni zito. Lakini hatusemi aache kazi. Twasema kazi isimwue. Viko vyombo vya kuukamata moshi wa zebaki, tena dhahabu yaweza kutengwa kwa maji tu. Anunuaye na aulize, kisha akubali kulipa zaidi kidogo. Kudai haki bila kulipa gharama yake ni kumtwisha maskini mzigo wetu.

Tena ziko njia nyepesi. Dhahabu ikiyeyushwa haizeeki. Pete ya bibi yaweza kuwa pete ya mjukuu. Pembe ya ng'ombe na shaba iliyokwisha kutumika hufaa kwa bangili. Rozari ya mbegu haina Salamu Maria pungufu. Na pambo likiuzwa, lifungwe kwa kitambaa au kwa rafia, kama chikwange ifungwavyo kwa majani. Mifuko ya plastiki serikali iliikataza kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017. Yatupasa kutii, maana mfereji ukiziba, maji huingia nyumbani kwa jirani.

Enyi wachumba mnaojiandaa kwa ndoa, Padri atazibariki pete zenu. Baraka hiyo haifuti deni kwa jirani. Kabla ya kununua, ulizeni imetoka wapi na nani ameumia. Mkikosa jibu, pete ya shaba yatosha kuwa ishara ya uaminifu.