Ruhusa ya Kuogopa

Jioni moja ya likizo ya Agosti nilikuwa nimeketi kibarazani hapa Voi nikingoja joto lipungue, mwanangu akaja na simu yangu mkononi. "Baba, niangalie hii?" Ilikuwa ile sinema ya simba wa Tsavo. Ana miaka kumi na mmoja. Kidole chake kilikuwa kimeshafika juu ya kioo kikasimama hapo, na kule kusimama ndiko kulikonigusa, kwa sababu angeweza kubonyeza bila kuniuliza na nisijue kamwe.

Nikamwambia angoje. Nilipotafuta habari zake nikakuta kwamba The Ghost and the Darkness ilipotoka mwaka 1996, Wamarekani waliipa alama inayomtaka aliye chini ya miaka 17 aende na mzazi au mlezi, na Waingereza wakamzuia kila ambaye hajafika 15. Mimi kisa hicho nilikisikia nikiwa na miaka saba.

Nilikisikia kwa bibi yangu, milimani juu ya Wundanyi, jikoni, kimanga kikiwa kimeshaliwa na moshi wa kuni ukituuma macho. Bibi hakupunguza kitu. Alitueleza simba alivyoingiza kichwa hemani akamkamata mtu shingo, na wenzake walivyolala macho wazi wakisikia mifupa ikivunjwa gizani, hatua chache tu kutoka pale walipo. Alipofika hapo alinyamaza, akaupuliza moto, akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshajipenyeza chini ya kanga yake. Hakunifukuza, wala hakuniuliza kama naogopa. Aliniwekea mkono kichwani, akaendelea.

Kama kisa ni kilekile, basi tunapomkataza mtoto sinema tunamkataza nini hasa?

Si ukweli wa jambo lenyewe. Ukweli wake uko hapa hapa nje. Mwaka 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika Mto Tsavo, simba wawili waliwala wajenzi wa daraja kwa miezi tisa, mpaka mhandisi John Henry Patterson akawaua mwezi Desemba. Yeye alidai baadaye kwamba waliokufa walifika 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walichapisha mwaka 2009 makadirio ya watu 35 hivi. Ngozi zao Patterson aliliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago, na hadi leo wanasimama mle wamejazwa, watoto wa shule wakipitishwa mbele yao. Na mtoto wa Sagalla, jirani na hapa Voi, anayekwenda shule asubuhi akikwepa njia ya ndovu hahitaji sinema kumwambia kwamba mnyama anaua. Amehudhuria mazishi.

Kwa hiyo tunapoweka namba juu ya sinema, 16 au 18, tunapima kitu kingine. Nimeifikiria sana namba hiyo, na sitaki kuidharau. Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, na Bodi ya Kuainisha Filamu inayoitumia kuamua kazi gani ni ya wote, ipi inahitaji mwongozo wa mzazi, ipi haiwafai walio chini ya 16 na ipi haiwafai walio chini ya 18. Sheria haiwezi kumjua kila mtoto. Haijui kwamba wangu analia akiona mbuzi akichinjwa, na kwamba wa jirani ndiye anayeshika miguu ya mbuzi huyo. Inahitaji alama ambayo bawabu aliyesimama mlangoni usiku anaweza kuiona kwa haraka, na umri ndio alama iliyo karibu. Namba ni ya bawabu.

Nilipokuwa kijana tulikuwa na vibanda vya video, mabati pande tatu na gunia la mkonge mlangoni, mabenchi ya mbao, na sauti ya mtu akituhadithia kwa Kiswahili cha mtaani yale ambayo Wachina wanasema kwenye kioo. Bawabu wetu alitazama sarafu, si umri. Hata hivyo alikuwepo. Ukiingia ulijulikana umeingia, na habari ilifika nyumbani kabla yako. Leo mtoto anaiweka sinema chini ya blanketi, na namba iliyotengenezwa kwa ajili ya mlango inafika mahali pasipo na mlango. Ndipo mzigo wote ulipomwangukia mzazi, na mzazi akaanza kuisoma namba kana kwamba inamweleza habari za mtoto wake.

Ukanda huu ulijua kupima ukuaji kwa njia nyingine. Waislamu wa Voi, kama wa Mombasa na Lamu, wana neno mumayizi kwa mtoto aliyeanza kupambanua, anayejua hili ni hili na lile ni lile, na wana neno baleghe kwa yule ambaye mwili wake umeshatangaza. Wanazuoni wengi huutaja umri wa miaka saba kwa kupambanua, lakini kinachotafutwa ni kule kupambanua. Katika milima ya Dawida kuna misitu mitakatifu, mafighi, ambayo si kila mtu aliruhusiwa kuikanyaga. Ruhusa ya kuingia ilitegemea nafasi yako kati ya watu na nani anakuongoza.

Plato, karne nyingi zilizopita, aliiona sehemu tu ya jambo hili. Katika Jamhuri anataka hadithi wanazosimuliwa watoto zichujwe, kwa sababu mtoto hawezi kutofautisha maneno yenye maana iliyofichwa na yasiyo nayo, na kinachoingia mapema hakitoki kirahisi. Namwamini. Mimi mwenyewe sijaweza kuitoa ile mifupa gizani. Lakini Plato, ingawa aliwataja mama na yaya, aliwapa tu kazi ya kusimulia hadithi zilizokwisha kuchujwa. Kwake hadithi ni hadithi, yeyote aisimulie. Ningemuuliza: ile kanga je?

Kwa maana hofu niliyoipata jikoni kwa bibi ilikuwa na sifa moja ambayo nimeielewa nikiwa mtu mzima. Ilinisukuma kwake. Mtoto akiogopa vizuri hukimbilia watu. Kisha kesho yake huwachunguza watu hao kwa macho mapya, akijua nani ana mkono wa kuweka kichwani na nani hana. Sioni namna ya kulijua hilo bila kwanza kuogopa. Mzazi anayemkinga mwanawe na kila hofu amemnyima pia safari ya kwenda kwa mtu.

Hapa sina budi kukiri ugumu, na ni ugumu wa ukoo. Alama ya "mwongozo wa mzazi" inadhani kwamba mzazi ndiye mwenzi anayefaa. Kwa simba, sawa. Lakini ikija picha ya mapenzi, baba na binti yake wamekaa sebule moja, kila mtu huku kwetu anajua kinachotokea. Baba anakohoa. Mama anakumbuka chungu mekoni. Binti anaangalia sakafu. Hayo si unafiki, ni haya, na haya ina kazi yake. Pwani mambo hayo yaliwekwa kwa kungwi na somo. Kwa wengi wetu yaliwekwa kwa bibi, babu na shangazi, watu ambao kwao mtoto huruhusiwa utani. Mzazi aliwekwa kando kwa makusudi, ili abaki mtu wa kuheshimiwa. Sasa sheria inamwita mzazi huyohuyo awe kungwi, naye hajui aanzie wapi, basi anachagua neno jepesi: hapana. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, ulikuwa na busara zaidi. Ibara yake ya 5 inamtaja mzazi, na pale mila inapotaka hivyo inautaja ukoo mpana na jamii, wamwongoze mtoto kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Shida yetu ni kwamba bibi yuko Wundanyi, shangazi yuko Mombasa, na mtoto yuko Voi na simu.

Hiyo hapana yenyewe nayo ina namna mbili. Huku tunaishi na nyua za kuzuia ndovu. Kuna ule wa umeme, ambao ndovu hodari huuangusha kwa gogo. Na kuna ule wa Sagalla uliofanyiwa majaribio na Save the Elephants: mizinga ya nyuki imening'inizwa kuzunguka shamba, kila mita kumi, imeunganishwa kwa waya, mingine ikiwa ya bandia. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inatikisika. Ukiutazama unaona ni uzio wa kuchekesha, umejaa nafasi. Unafanya kazi kwa kile ambacho ndovu mwenyewe anakijua kuhusu nyuki, na ambacho huenda mama yake alimwonyesha. Ningependa hapana yangu iwe ya namna hiyo, imkute mwanangu akiwa na kitu ndani yake cha kuitikia. Kidole kilichosimama juu ya kioo jioni ile kilikuwa kimesikia mvumo fulani.

Lakini nisijidanganye kwamba mwenzi akipatikana basi kila kitu kinaruhusiwa. Wiki mbili baadaye aliniuliza habari ya GTA, michezo ya video ambayo wenzake wanaicheza mjini kwenye chumba cha PlayStation kwa kulipia dakika. Imewekewa 18 huko Ulaya. Nilikwenda nikasimama nyuma ya benchi. Mvulana mmoja, labda wa darasa la saba, alimgonga mpita njia kwa gari, akarudi nyuma, akamgonga tena, kisha akazichukua pesa zilizobaki pale chini. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Hakutafuta kanga ya mtu yeyote. Nikaona kwamba hapa mtoto haonyeshwi ukatili, anafanyishwa, kwa kidole chake, na analipwa. Katika hadithi ya bibi sisi tulikuwa ndani ya hema. Katika mchezo huu yeye ndiye simba. Najua wapo waliocheza hayo miaka mingi na ni watu wema, na siamini kwamba mchezo humfanya mtoto muuaji. Ninachosema ni kwamba sikuona wapi ningekaa. Sikuona mahali pa mkono wangu. Nilimwambia hapana, nikamweleza sababu kama nilivyoieleza hapa. Alinuna siku mbili, na nikamwacha anune, kwa sababu alikuwa na haki hiyo.

Sinema ya simba nilimruhusu, kwa sharti kwamba tuipeleke mlimani kwa bibi yake. Jumamosi tulipanda matatu hadi Mwatate, tukaunganisha hadi Wundanyi, kompyuta ndani ya mkoba wa shule. Mama yangu aliwekewa kiti katikati. Simba wa kwanza alipojitokeza akakunja uso. "Huyu ana manyoya shingoni. Wale wetu hawakuwa nayo." Ni kweli, wale wa Chicago hawana.

Ilipofika ile sehemu ya hema, muziki ukaanza kupanda, naye mjukuu wake akaanza kusogea kidogo kidogo kwenye mkeka.

"Simamisha hapo," mama akasema.

Nikasimamisha. Akaisimulia sehemu hiyo mwenyewe, polepole, kwa sauti ileile ya bibi yangu, na ikawa ya kutisha kuliko yote yaliyokuwa kwenye kioo. Mtoto akajivuta ndani ya kanga mpaka yakabaki macho.

"Halafu?" akauliza.