Firigisi ya Baba na Kuku wa Kiitaliano



Mwezi huu nataka tuingie jikoni. Najua baadhi ya akina baba watafunua ukurasa mwingine wakidhani haya ni mambo ya akina mama. Nawaomba, wazee wenzangu, mvumilie kidogo. Neno hili lilinichoma mimi kwanza kabla sijawaletea ninyi.

Mimi ni mzaliwa wa Bungoma, ingawa kazi yangu ya ukatekista nimeifanya miaka mingi upande wa Nyeri. Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiulizwi wala haigawanywi. Nililelewa hivyo, na nilipooa nikaendelea hivyo. Chakula changu kililetwa sebuleni, nami nikala peke yangu nikisikiliza taarifa ya habari, huku mama na watoto wakila jikoni.

Jioni moja ya Jumatano, katika wiki ileile niliyokuwa nikiwafundisha wachumba wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa, nilifunua bakuli nikakuta firigisi haimo. Binti yetu wa miaka saba alikuwa ameila. Nilimwita nikamfokea hadi akatetemeka. Mama Wafula alipojaribu kumtetea, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la Kanisa. Hakunijibu. Kwa siku tatu nyumbani mwetu hapakuwa na mazungumzo ila "chakula kiko tayari" na "nimefunga mlango."

Jumamosi mchana niliketi kutayarisha ibada ya Jumapili ya kigango chetu, kwa kuwa Padre alikuwa kigango kingine. Injili ilikuwa ya Mathayo sura ya 5, pale Bwana anapotuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu. Nilifunga kitabu. Nitasimama vipi kesho mbele ya waamini, na mama wa watoto wangu ameketi benchi la tatu? Ndipo nikamkumbuka Sista.

SUFURIA YA SISTA

Wamisionari wa Consolata walifika Kenya mwaka 1902 kutoka Torino, mji wa kaskazini mwa Italia. Walitumwa na Yosefu Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Katika masista wa shirika hilo ndimo alimotoka Mwenyeheri Irene Stefani, yule ambaye watu walimwita Nyaatha kwa sababu ya huruma yake, na ambaye alitangazwa mwenyeheri palepale Nyeri mwaka 2015.

Sista mmoja mzee wa shirika hilo alitufundisha kupika tulipokuwa vijana katika mafunzo ya ukatekista. Alisema kijana asiyejua kujipikia hutafuta mpishi akidhani anatafuta mke. Alitupikia kuku ambaye Waitaliano humwita pollo alla cacciatora, maana yake kuku wa mapishi ya mwindaji. Ni chakula cha nyumbani, tena hakina sheria moja: nyumba hii hutia nyanya, ile hutia siki na majani tu. Kwao kaskazini huliwa mara nyingi na polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Tulicheka sana kusikia kwamba Wazungu nao wana ugali! Akatuambia kuwa nyumbani kwao baba yake ndiye aliyesonga, maana sufuria ilikuwa kubwa na mwiko ulikuwa mzito.

Ilipofika zamu ya firigisi, aliikatakata vipande vidogo kabisa akaitia katika mchuzi. Mmoja wetu akauliza, "Sista, sasa ya baba iko wapi?" Akajibu bila kuinua macho, "Imo kwa wote."

Wakati ule nililiona jibu hilo kuwa mzaha tu. Jumamosi ile nililielewa.

NAMNA YA KUPIKA

Mapishi haya yanatosha watu sita. Tafuta kuku mmoja wa kilo moja na nusu, vitunguu viwili, karoti moja, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya sita zilizoiva vizuri, vijiko vitatu vya mafuta, vijiko viwili vya siki, chumvi, pilipili manga kidogo, na kitawi kimoja cha rosemari. Rosemari ni ule mmea wenye majani membamba yanayonukia ambao wengi huupanda uani kama ua. Ukiukosa, pika bila huo.

1. Mkate kuku vipande vinane au kumi, umpake chumvi na pilipili manga. Pasua firigisi, uioshe, utoe ngozi ya manjano ya ndani, kisha uikatekate.

2. Pasha mafuta moto katika sufuria nzito. Kaanga vipande dakika kumi hivi, ukivigeuza, mpaka viwe na rangi ya hudhurungi. Vitoe uviweke kando.

3. Punguza moto. Kaanga vitunguu na karoti iliyokatwa ndogo ndogo mpaka vilainike. Usiondoke hapo, maana vitunguu vikiungua mchuzi wote utakuwa mchungu. Tia kitunguu saumu na firigisi, ukoroge dakika mbili tatu.

4. Tia siki uiache ikauke. Waitaliano wengi hutumia divai hapa, lakini siki yatosha. Kisha tia nyanya zilizokatwa.

5. Rudisha kuku, tia nusu kikombe cha maji na rosemari, ufunike. Acha vichemke polepole dakika 40 kama ni kuku wa broila. Kuku wa kienyeji huhitaji saa moja na nusu au zaidi, nawe utaongeza maji kila yanapopungua. Ameiva pale nyama inapoachana na mfupa na maji yake yanapotoka meupe bila damu.

Wakati kuku anachemka, songa ugali, laini kuliko ule wa kila siku. Baba, mwiko ni wako.

KILICHOTOKEA KWANGU

Nisijisifu. Vitunguu vya kwanza niliviunguza, nikalazimika kuanza upya. Ugali wangu ulikuwa na madonge. Mama Wafula alisimama mlangoni mikono kifuani, akatazama, hakusema neno. Nilipopakua nilibeba sufuria hadi meza ya sebuleni, nikaleta viti na kigoda, nikawaita wote.

Kabla ya sala nilimwambia binti yangu, mbele ya wote, "Nilikukosea. Nisamehe." Kisha nikamgeukia mama yake nikamwambia hivyohivyo. Mtoto akaitika upesi kama watoto waitikavyo. Mama yake alinyamaza kwanza. Akachovya ugali, akatafuna, akauliza, "Baba Wafula, na firigisi umeificha wapi?" Nikamjibu, "Imo kwa wote." Akacheka. Haikuwa mwisho wa yote, maana maneno yale mabaya tuliyazungumza tena usiku, na alilia. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kesho yake niliweza kusimama mbele ya altare.

FUNDISHO

Wapendwa, Mtume Paulo akiwaandikia Waefeso anasema mume ni kichwa cha mke. Sisi wanaume tunaupenda mstari huo, tunaukariri hata tukiwa usingizini. Lakini tunausahau ule unaofuata baada yake kidogo, unaotutaka tupende kama Kristu alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Ukichwa wa Kristu haukumtengea kipande kizuri akale peke yake. Katika Karamu ya Mwisho alichukua mkate, akaumega, akawapa wote. Kila tunapokomunika tunapokea kutoka kwa Bwana asiyejibakizia kitu. Basi yule anayepokea hivyo asubuhi, jioni atawezaje kufokea mtoto kwa ajili ya firigisi?

Soma tena Yohana sura ya 21. Bwana amefufuka. Petro alimkana mara tatu, na wenzake walikimbia. Je, Yesu anaanza na lawama? Hapana. Anawasha moto wa makaa ufukweni, anawaandalia samaki na mkate, anawaita wale. Baada ya kula ndipo anapomwuliza Petro swali gumu. Hiyo ni hekima kwa wanandoa. Neno zito husikika vizuri zaidi tumbo likiwa limeshiba na aliyekosewa akiwa ametumikiwa. Lakini angalieni, chakula kisichukue nafasi ya kuomba msamaha. Yesu alilisha, kisha akauliza. Ukipika tu bila kusema umekosa, umenunua kimya, hujapatana.

Nanyi akina mama, nina neno. Mume akiingia jikoni kwa moyo mwema, msimfukuze wala kumtangaza kisimani. Yale madonge ya ugali yafunikeni. Na chakula kisigeuzwe fimbo ya kumpigia mwenzako, wala ukimya usiwe gereza lake. Marehemu Papa Fransisko, katika Furaha ya Upendo ya mwaka 2016, alizitaja tena zile nguzo tatu za nyumba: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba radhi. Yote matatu yana nafasi mezani.

Wengine watasema, "Katekista, kuku ni ghali." Ni kweli. Mchuzi huohuo upike na maharagwe yaliyokwisha chemshwa, au mayai. Ijumaa za Kwaresima ndivyo inavyotupasa. Mithali 15 inatukumbusha kwamba mboga penye upendo hushinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Kinachotakiwa ni sufuria moja, meza moja, redio imezimwa na simu zimewekwa mbali, hata kama ni Jumapili moja kwa mwezi. Zaburi 128 inawafananisha watoto waliozunguka meza na machipukizi ya mzeituni. Watazungukaje meza ambayo baba amejifungia nayo sebuleni?

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, "firigisi" ni kitu gani, yaani kile ambacho mmoja wetu hujitengea na wengine wanaogopa kukigusa? Chaweza kuwa fedha, neno la mwisho, au siku ya kupumzika.

2. Ni lini mara ya mwisho tulikula sote meza moja?

3. Je, kuna mtoto ambaye ninapaswa kumwomba msamaha?

Bwana aliyewaandalia wanafunzi wake samaki ufukweni abariki meza zenu na mikono yenu. Amina.