Fungeni Mlango wa Kamera: Nasaha kwa Wapiga Picha Vijana wa Moshi

Wanangu, kamera mlizonazo leo ni nzuri kuliko zote tulizowahi kushika sisi wa enzi za filamu. Nalifurahia hilo. Linalonitia hofu ni jinsi mnavyoziachia vumbi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sipendi kuona mtu akivunjika guu kwa jambo linalozuilika.

Kwenye filamu, kila picha ilipata kipande chake kipya. Chembe ya vumbi ikiingia, iliharibu picha moja, nyingine ikasalimika. Lakini sensa ya kamera ya kidijitali haihami. Chembe ikitua asubuhi kanisani, usiku ukumbini ingali palepale, katika kila picha. Tena haitui kwenye sensa yenyewe, bali kwenye kioo chembamba kilicho mbele yake. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8, kivuli cha chembe hiyo husambaa usikione. Ndipo unawatoa maharusi nje juani, unabana tundu hadi f/16 ili wao na kilele cha Kibo nyuma yao waonekane vizuri, na madoa yanajitokeza yote. Hapa kwetu hayana pa kujificha. Doa lisiloonekana kwenye majani ya mgomba huonekana waziwazi kwenye anga, kwenye theluji na kwenye shela.

Mnajua Desemba ilivyo. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko. Leo harusi, kesho kipaimara, keshokutwa ubatizo. Matarumbeta yanalia juu ya pikapu, msafara unateremka kutoka Kibosho au Uru, na mpiga picha kasimama nyuma ya gari, lenzi moja kaibana kwapani, nyingine mkononi, kifuniko kakiuma kwa meno, bodi i wazi inatazama juu, na gari la mbele linatimua vumbi. Mwanangu, hapo unabadili lenzi au unakaribisha wageni?

Amua lenzi kabla hujatoka nyumbani. Ukiweza kupata bodi ya pili, hata ya kuazima kwa mwenzako, kila bodi ikae na lenzi yake mpaka kazi iishe. Kama huna budi kubadili, ingia ndani ya gari, pandisha vioo, zima kamera, elekeza mdomo wa bodi chini, na lenzi inayoingia iwe tayari imeshalegezwa kifuniko. Hizi kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndizo za kuhofia zaidi, maana lenzi ikitoka tu, sensa iko nje. Baadhi hufunga shata zikizimwa. Hakikisha kama yako inafanya hivyo, usidhani. Na begi lako lisafishwe pia, pamoja na vifuniko vya nyuma vya lenzi, kwa kuwa vumbi la humo huingia bila hata upepo.

Mtaniambia kamera zenu hujitikisa zenyewe. Ni kweli, Olympus walianza hilo mwaka 2003 kwa kamera yao ya E-1. Lakini mtikisiko huangusha vumbi kavu; lililonasa kwa unyevu au mafuta halisikii. Mtaniambia pia kwamba doa linafutika kwenye kompyuta. Picha moja, sawa. Harusi nzima, doa likiwa limemkaa bibi harusi shavuni, utafuta mpaka lini?

Ukitaka kujua hali ya sensa yako, weka f/16, piga anga tupu au ukuta mweupe bila kuulenga sawasawa, kisha kuza picha. Doa lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa, kwa kuwa lenzi hupindua taswira. Ukiliona, chaji betri ijae, fungua kamera kwa utaratibu wake wa kusafisha, elekeza mdomo chini, puliza kwa kipulizio cha mpira bila kugusa kitu, kisha piga tena. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia.

Usipulize kwa mdomo, utarusha mate. Usiende kwa fundi wa tairi akupigie upepo wa kompresa; upepo ule hubeba maji na mafuta. Pamba za masikioni, ukingo wa fulana, spiriti ya dukani, vyote viache. Doa likigoma, kuna vijiti maalumu vya upana wa sensa yako: matone mawili ya dawa yake, pitisha mara moja kwenda, geuza upande, mara moja kurudi, kisha tupa. Mkono ukitetemeka, mpe anayejua.

Nanyi mnaopanda mlima na wageni, kwenye uwanda ule mkavu kati ya Horombo na Kibo, vumbi ni mwamba wa volkano uliosagika. Hilo hupulizwa tu. Ukilifuta, unakwaruza kioo. Na mkitoka kwenye baridi, fungeni kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia penye joto, muiache humo mpaka ipate joto taratibu. La sivyo umande utaishika, na vumbi likikutana na maji ni tope.

Mteja hatakuuliza doa lilitoka wapi. Atasema tu kwamba picha za fulani zina madoa, na Moshi si mji mkubwa. Maneno yatafika Majengo kabla yako. Basi leo, kabla ya kulala, piga ule ukuta mweupe kwa f/16 ujionee mwenyewe. Aliyeambiwa ameambiwa.